Kifyatulio Kipya cha Mzee wa Wimbledon

Nilikuwa nikienda kwa yule mzee siku nne kwa wiki, asubuhi, kwa basi kutoka Tooting mpaka Wimbledon, hapa London. Ajensi ya kuhudumia wazee ilinipangia kumwogesha, kumvalisha, kuhakikisha amekunywa dawa, na kumpikia uji wa shayiri ambao kila siku aliulalamikia kuwa mzito. Alikuwa wakili mstaafu, mkewe alishafariki, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi hata kufunga kifungo cha shati hakuweza. Mwezi wa kwanza hatukuzungumza zaidi ya mvua na soksi.

Asubuhi moja nilimkuta mezani na karatasi tatu alizochapisha kwenye kompyuta, kila moja na picha ya kifyatulio cha bunduki. Nilikuwa nimekuja na taulo begani. Akanisogezea zile karatasi akitabasamu, kama mtu anayemwonyesha mtoto picha za ndege.

"Unajua hivi ni nini?"

"Vifyatulio," nikamjibu. "Hiki cha kwanza ni cha watu wa mashindano ya shabaha. Kwa vidole vyako, utafyatua kabla hujataka kufyatua."

Akaweka kikombe chini. "Umejifunzia wapi mambo haya?"

Nilijifunzia Arusha. Miaka minane nilikaa kwenye karakana ya fundi mmoja Kalasinga aliyekuwa akitengeneza bunduki za makampuni ya uwindaji. Wageni walifika na bunduki za bei ya nyumba, vumbi la safari limejaa ndani, na sisi tukizifungua, tukizisafisha, tukizirekebisha. Fundi alikuwa akinifunga macho kwa kitambaa na kuniambia nivute kifyatulio polepole, nimweleze nasikia nini: kinakwaruza, kinateleza, kinasita. Nikikosea, aliniamuru nianze upya. Alipofariki, wanawe waliuza karakana, nami nikamfuata mke wangu London, ambako alikuwa ameshapata kazi ya uuguzi.

Kwenye fomu za kutafuta kazi niliandika kwamba mimi ni fundi wa bunduki. Binti aliyenisaidia kuzijaza alinitazama, akacheka kidogo, akanishauri nifute. "Andika fundi wa vyuma," akasema. "Hilo lingine litawatisha watu." Nikafuta. Niliandikia maduka mawili ya bunduki barua nzuri ambazo mke wangu alizisahihisha. Hakuna aliyejibu. Mwaka uliofuata nikaanza kuogesha wazee.

Kwa hiyo mzee aliponiuliza nilijifunzia wapi, nilimweleza yote, na nilipomaliza uji ulikuwa umeganda. Alinisikiliza. Ni lazima niliseme hili, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma: mtu yule alinisikiliza kuliko mtu yeyote tangu nifike nchi hii.

Kila vuli alikuwa akienda Scotland kuwinda kulungu na rafiki zake, na mwaka huo alijua huenda ikawa mara ya mwisho. Kifyatulio kilichokuja na bunduki kilikuwa kizito. Akivuta kwa kidole kile kilichovimba, bunduki yote inayumba, risasi inakwenda pembeni. Alitaka chepesi kuliko vyote, kile cha mashindano.

Tulibishana wiki mbili. Huku namkausha mgongo, huku namvalisha soksi, tunabishana.

"Tatizo lako si uzito peke yake," nilimwambia. "Kidole chako hakisikii vizuri. Chukua hiki cha hatua mbili. Ukivuta, kwanza kinakuja kirahisi, halafu kinagota kama kimefika ukutani. Hapo unasimama, unapumua, unamtazama mnyama. Ukiongeza kidogo tu, kinaachia. Ule ukuta ndio utakaokuambia uko wapi."

"Hicho cha katikati je? Rafiki yangu anacho."

"Rafiki yako ana vidole vyake."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku tatu baadaye akaagiza cha hatua mbili. Akaniuliza kama ningeweza kukifunga mwenyewe. Nilitamani. Mikono yangu ilitamani. Lakini nilijua sheria za hapa, na nilijua mimi ni nani hapa. Nikamwambia akipeleke kwa fundi mwenye leseni, na akapeleka.

Nyumbani mke wangu hakufurahi. "Baba watoto," aliniambia, "bunduki za Wazungu zinakuhusu nini? Ajensi imekutuma ukamwogeshe."

"Ananiuliza tu ushauri."

"Leo anakuuliza. Siku wakikuuliza wengine, utawajibu nini?"

Nilimkasirikia. Nilidhani hataki niwe na kitu changu kimoja kizuri.

Bunduki iliporudi kutoka kwa fundi, mzee alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Lakini hakuamini uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya fundi. "Una mizani?" akaniuliza. Nilikuwa nayo ile ya ndoano tunayopimia masanduku tukienda nyumbani. "Kesho njoo nayo," akasema. Nami, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikaja nayo.

Alifungua kabati la chuma mwenyewe, kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Akaitoa bunduki na kunikabidhi. Niliangalia chemba ya risasi mara mbili. Haikuwa na kitu. Nikaielekeza kwenye ukuta wa matofali, nikatia ndoano kwenye kifyatulio, nikavuta taratibu. Kilikuja, kikagota, kikaachia safi kabisa, bila mkwaruzo hata kidogo. Gramu elfu moja na mia mbili. Nikarudia, ikawa vilevile. Mzee akapiga meza kwa furaha, nami nikacheka, na kwa kucheka kwetu hatukusikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

Binti yake alisimama kwenye kizingiti cha jiko na mfuko wa matunda mkononi. Aliniona mimi, na bunduki, na baba yake kwenye kiti.

"Iweke chini," akasema. "Tafadhali, iweke chini."

Niliiweka mezani. Nikamgeukia mzee, nikisubiri aseme. Alikuwa amebadilika rangi. Alimtazama binti yake, akautazama ufunguo kifuani mwake, na nikaona anafikiri haraka, kama wakili.

"Aliomba kuiona," akasema. "Amekuwa akizungumzia bunduki tangu aanze kuja. Nilimwambia asiiguse."

Nilimwita "Wakili," kama nilivyomwita siku zote. Hakuinua uso.

Ajensi ilinisimamisha kazi siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata niliitwa kwa meneja, mwanamke mpole mwenye daftari, na kando yake alikaa polisi aliyekuja kuuliza maswali yake.

"Ulijifunza silaha wapi?" polisi akauliza.

"Arusha. Tanzania."

"Wakati wa vita?"

"Hatukuwa na vita. Nilikuwa fundi."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini, ila hakikuwa kirefu.

Nilieleza habari ya karatasi tatu, hatua mbili, mizani. Meneja akasema mzee ametoa maelezo tofauti, na mzee hana sababu ya kusema uongo. Sababu alikuwa nayo. Kama angekubali kwamba alinipa bunduki kwa mkono wake, huenda angenyang'anywa kibali cha silaha, na bunduki, na Scotland. Aliweka mizani yake mwenyewe: upande mmoja mimi, upande wa pili vuli moja ya kuwinda. Hata leo sijaweza kumwita mtu mbaya. Ningeweza, ingekuwa nafuu.

Nilikaa nyumbani wiki sita. Mke wangu alichukua shifti za ziada, na hata siku moja hakunikumbusha aliyoyasema. Mwanangu mkubwa aliniuliza kwa Kiingereza kama kweli nilikuwa na bunduki kazini. Aliwasikia wenzake kanisani. Nilimjibu kwa Kiswahili, naye akaitikia tu kwa kichwa na kurudi kwenye simu yake.

Mwishowe wakanipa onyo la maandishi na kunihamishia Hounslow, kwa bibi mmoja asiyeweza kuzungumza.

Nafasi yangu Wimbledon alipewa mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, tuliyefahamiana kwenye mafunzo ya ajensi. Mwezi wa kumi na moja alinipigia, tukakutana kituo cha basi Tooting. Alikuwa na mfuko mzito wa plastiki, umefungwa mara mbili.

"Papa, ule muzee amekutumia nyama," akasema. "Aliua kulungu kule Scotland. Risasi moja tu. Anawaambia wageni wote eti kile kifyatulio alikichagua yeye mwenyewe."

"Ametuma na barua?"

"Hapana. Nyama tu. Anauliza kama unapenda."

Nilishika ule mfuko, baridi yake ikanichoma vidole. Basi langu lilikuja, likaondoka. Nilifikiria kuurudisha. Nilifikiria kuutupa kwenye pipa la pale kituoni. Yule mama alinisubiri bila haraka, maana alihitaji jibu la kupeleka.

"Mwambie imefika," nikasema.

Mke wangu aliichemsha kwa tangawizi na kuiunga kwa nazi. Alisema nyama haina kosa. Watoto walikula wakaomba tena. Mimi nilikaa nao mezani nikala ugali na mboga, na walipomaliza niliosha sufuria mwenyewe.