Sauti ya Baba Yake Ilibaki Kwangu

Mumisionere alikuja kukaa katika lupango letu, kiwanja chetu cha nyumba, huku mutaa wa Kadutu, mwaka ule mvua iliangusha choo cha jirani. Alitoka Madagascar, alikuwa na miaka makumi mbili na moja, hata ndevu hakuwa nazo. Kanisa lake linatuma vijana wawili wawili. Mwenzake alikuwa mutu wa Kasai, mupole, mwenye usingizi mwingi. Walipanga vyumba viwili vya nyuma. Bibi yangu, yaani muke wangu, yeye iko mukatolika mpaka kwenye mifupa, alininong'oneza, "Muzee, hawa watatugeuza."

"Maman," nikamwambia, "nimeendesha lori ya Kamituga miaka makumi tatu. Kama barabara ile haikunigeuza, hawa wataweza wapi?"

Na kweli yule wa Madagascar hakunigeuza. Lakini nilimupenda, hiyo sifichi.

Wiki yao ilikuwa na sheria kama ya jeshi. Wanaamuka kungali giza kidogo, wanasoma, wanasali, wanavaa mashati meupe na kravati, halafu wanashuka katika matope yetu. Huku njia iko kama ngazi lakini ngazi hakuna, ukiteleza unafika kwa jirani wa chini bila kubisha hodi. Wanagonga mulango huu wanafukuzwa, wanagonga ule. Siku ya posho, ile Jumamosi, wanafagia kanisa, siku ya Mungu wanasali, na mwanzo wa mwezi wanafunga chakula. Bibi yangu alikuwa anaficha sufuria siku hiyo, alisema ni zambi kumunusisha mutoto sombe, majani yetu ya muhogo, wakati amefunga.

Vijana wa barabarani walimupa jina, Pasteur Shati. "Pasteur Shati, leo unauza sabuni gani?" Naye, kwa Kiswahili chake cha kuokota, anajibu: "Sabuni ya roho! Mukuje, ya kwanza iko bure!" Wanacheka, na wawili watatu wanabaki kumusikiliza. Mutu anayekubali kuchekwa haichokeshi kumusikiliza.

Siku ya kwanza, ile wengine wanaita Jumatatu, ndiyo ilikuwa siku yao wenyewe. Wanafua, na wanapiga simu nyumbani. Siku zingine simu ilikuwa ya kazi ya kanisa tu. Alikuwa anageuza bidon ya maji, anakaa juu, anaongea na dada yake kwa luga yao mpaka anajishika tumbo kwa kicheko. Halafu dada anampa baba simu, na hapo mugongo wake unanyooka. Na baba mazungumzo yalikuwa mafupi.

Baba alikuwa mulimaji wa mupunga, na mutoto mwanaume alikuwa huyo mumoja. Muzee hakutaka hii safari hata kidogo. Asubuhi mutoto alipoondoka, muzee alienda shambani mapema ili asimupe mukono. Sasa kila siku ya kwanza waliongea mvua, waliongea mupunga, waliongea ng'ombe mwenye kidonda. Kazi ya Mungu hawakuigusa. Siku moja, akikamua shati, aliniambia: "Papa, mimi niko naombea kitu kimoja tu. Baba yangu aseme nilifanya vizuri kuja."

Mwaka wote na nusu aliombea hiyo.

Jambo ambalo hakujua ni kwamba baba yake alikuwa na nambari yangu. Dada ndiye aliitafuta. Muzee alikuwa ananipigia kwa kificho. "Anakula? Malaria haijamushika? Munalala salama na hivyo vita vyenu?" Yeye na Kifaransa chake cha shambani, mimi na changu cha lori, tulielewana vizuri. Sisi wazee hatujui kuuliza moyo wa mutoto, tunauliza tumbo lake.

Siku ya ine moja, ile Alhamisi, saa sita ya muchana, nilikuwa napiga misumari kwenye kiti, simu ikalia. Sauti ya muzee ilikuwa ndogo.

"Ndugu yangu, kesho wananipasua tumbo. Usimwambie."

"Namna gani nisimwambie?"

"Siku ya Mungu anabatiza mutu wake wa kwanza. Dada yake aliniambia. Aingie majini bila kunibeba moyoni. Siku ya kwanza nitamwambia mwenyewe." Akapumua. "Mimi niko na furaha na kazi yake. Nilikosa kumunyima mukono. Na hiyo pia usiseme, nitasema mimi. Nipe neno lako, muzazi kwa muzazi."

Nikampa.

Bibi yangu alikuwa anatwanga sombe, alisikia yote. Akaacha muchi ndani ya kinu.

"Muzee, muambie mutoto."

"Mwenye mutoto amenikataza."

"Na akikufa?"

"Hafi. Sauti iko na nguvu."

Uongo. Nilisikia sauti ile, haikuwa na nguvu. Lakini neno la baba juu ya mutoto wake, mimi nani nilivunje? Hivyo ndivyo nilifundishwa, na hata leo sijui nani alinifundisha vibaya.

Jioni ile mutoto alikula na sisi. Aliongea tu juu ya yule mutu wake, mujenzi wa matofali aliyeacha pombe. Alikuwa anasema na mikono, wali unaanguka. Mimi niliangalia sahani. Siku ya tano nikanyamaza. Siku ya posho nikanyamaza.

Siku ya Mungu niliwafuata mpaka ziwani. Maji yalikuwa baridi. Akainua mukono, akasema maneno yao, akamuzamisha mujenzi. Mujenzi akatoka anakohoa, bibi yake anacheka, na mutoto wangu huyu analia kwa furaha. Baba yake alikuwa amekufa jana yake. Sisi wote pale hatukujua.

Siku ya kwanza akapiga simu, dada akamwambia. Alikuja mbele ya mulango wangu na sabuni bado mukononi.

"Papa, ulijua?"

"Nilijua anagonjwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya ine."

"Siku ya ine nilikula na wewe."

"Ndiyo."

"Ungenipa simu yako, dakika moja tu." Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri apandishe.

Hapo ndipo nilimwambia yote, mpaka ile ya furaha na ile ya mukono. Alikaa chini kwenye udongo na suruali yake safi.

Kurudi hakukuwezekana. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa kwa vita, na kwa kupitia mupaka wa Ruzizi angefika wameshazika. Mukubwa wake wa kanisa alimuachia achague, akabaki. Majirani walileta viti, wakakaa matanga siku tatu kwa muzee ambaye hakuna aliyemuona, wamama wakamulilia kama ndugu yao. Matanga yalipoisha alivaa shati, akashuka kugonga milango.

Halafu kila siku ya kwanza, saa ile ya kupiga simu, alikuwa anakuja kwangu. "Papa, niambie tena alisema nini." Nikimwambia, alikuwa anafunga macho. Wiki ya pili, nikiona uso wake unavyongoja, nikaongeza kidogo. Nikasema baba yake alicheka alipotaja ubatizo. Uso wake ulifunguka, nikajiambia nimetenda vema. Wiki ingine nikaongeza kwamba alimuita "simba wangu".

Wiki ya sita, ao ya saba, nilikuwa na homa, nikasimulia haraka haraka. Nilipomaliza hakuondoka.

"Na kicheko?"

"Kicheko gani?"

Bibi yangu akasema, "Muzee, sema kweli." Nikasema. Kicheko kilikuwa changu. Simba pia ilikuwa yangu.

"Na mukono?" akauliza. "Na ile kwamba iko na furaha na kazi yangu?"

"Ile ni yake, mwanangu. Naapa kwa Mungu wako na kwa Mungu wa bibi yangu. Ile alisema yeye."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mutu anayemuheshimu muzee tu. "Asante, Papa," akasema, akaenda kuanika mashati. Hakuniuliza tena, hata siku waliyomuhamisha.

Alisema yeye. Neno kwa neno alisema yeye, na nilipoteza kuaminiwa siku ileile ambayo mutoto alihitaji kuniamini.