Chiriku aliyekatazwa kuimba

Bwu-bwu-bwu-bwuuu.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya pazia la kijani, kitu kinachemka. Aliyekaa sebuleni atadhani kuna sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mlio unapanda kidogo, unashuka, unakatika. Halafu unaanza upya.

Pazia likivutwa, hakuna sufuria. Kuna mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, amekaa wima kitandani, glasi ya maji mkononi, mrija mdomoni. Anatoa sauti kupitia mrija, na maji yanatokota ingawa ni baridi. Dakika tano, mara sita kwa siku.

Huyu ndiye Chiriku. Kwa miaka ishirini na miwili ameimba na bendi ya harusi, akiwaingiza maharusi ukumbini kwa sauti iliyowafanya watu wazima wapande juu ya viti.

“Sasa natumbuiza glasi,” anasema. “Na haijawahi kunitunza hata senti.”

Anazungumza kwa sauti nyembamba yenye mikwaruzo, macho kwenye saa ya ukutani. Ameruhusiwa maneno ya dakika kumi tu katika kila saa.

Yalianza kwenye harusi moja mwaka jana. Alikuwa na mafua. Spika ya upande wake ilikuwa imekufa, hasikii anachoimba, akawa anazidisha nguvu. Mpiga kinanda, waliyefanya kazi pamoja miaka kumi na saba, akamwinamia na kumwomba washushe wimbo hatua mbili.

“Nikamwambia, shusha suruali yako, wimbo wangu uache.”

Anacheka, kisha anashika koo haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba amebeba mayai.

Sauti haikukatika siku ile. Ilimtoka kidogokidogo, kama rangi ya nguo inayofuliwa kila siku. Zilitangulia sauti za juu, zikafuata za kati. Watu wakasema amelogwa, wengine wakasema maringo yamemrudi. Maneno ya ovyo, na walioyasema ni wale wale waliokuwa wakimpigia makofi mpaka viganja vikawasha.

Yeye akafanya alichowaona waimbaji waliomtangulia wakifanya. Akatafuna tangawizi mbichi, akajifunga kitambaa shingoni, akaacha kuzungumza. Akawa ananong'ona tu. Ananong'ona nyumbani, sokoni, kwenye simu. Miezi minne.

Kisha akaenda hospitali. Daktari wa koo alimpitishia kamera nyembamba puani na kumwonyesha kwenye skrini nyuzi zake za sauti. Zilikuwa zimeota vinundu viwili, kimoja kila upande, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe.

“Nikamwambia, daktari, mbona nimeipumzisha? Mimi nanong'ona tu. Akavua miwani, akanitazama. Akasema, dada, kunong'ona kwako huko kwa nguvu ndiko kulikozidi kuiumiza.”

Alilia. Akaambiwa hata kilio akipunguze.

Tiba ilianza kwa wiki mbili bila neno hata moja. Sasa ni zamu ya mtaalamu wa sauti, mrija na glasi. Baada ya wiki tano kamera itapita tena. Vinundu vikikataa kupungua, atapasuliwa, na hakuna aliyemhakikishia kwamba sauti itakayorudi itakuwa ile ile. Mpaka siku hiyo, haruhusiwi kuimba hata mstari mmoja.

Harusi tatu kwa wiki zimekuwa hakuna. Anapiga pasi nguo za majirani, na jasho la wiki nzima linampa kama robo ya alichopata kwa harusi moja. Halalamiki. Meza ya pasi imesimama dirishani, mashati yamepangwa, kola zimenyooka kama zimechorwa.

Lakini ukimya ule ulimuumiza zaidi mtu mwingine. Mama yake, mwenye miaka sabini na minane, analala chumba cha pili. Macho yake yameshikwa na ukungu, hamwoni mtu ila kivuli.

“Mwanangu namwona kwa masikio,” anasema bibi huyo. “Aliponyamaza, nikawa kipofu mara ya pili. Nasikia miguu, nauliza nani, kimya! Siku moja nusura nimpige mkongojo nikidhani mwizi.”

Ndipo wakatunga lugha yao. Kofi moja ndiyo, mawili hapana, matatu chakula kiko tayari.

“Nilizaa mtoto, uzeeni nimepata kengele,” anasema, na nyumba nzima inacheka.

Mpiga kinanda naye ana la kueleza. Katika wiki ya kwanza ya ukimya, simu yake ilipokea ujumbe wa neno moja: “Shusha.”

“Sijaufuta mpaka leo,” anasema. “Mtu mwenye kiburi kama kile kuandika neno lile! Nilikaa chini.” Tayari amezipanga upya nyimbo kumi na nne, zote hatua mbili chini. Mwitikiaji wa bendi anashika nafasi ya Chiriku kwa muda, na anajua ni kwa muda.

Glasi imetulia. Kutoka chumba cha pili, mkongojo unagonga sakafu.

“We Chiriku! Umemaliza kuchemsha maji yako?”

“Nimemaliza, Mama.”

“Basi niimbie ule wa mlango. Mstari mmoja tu. Daktari yuko kwake, hasikii.”

Ni wimbo alioutunga Chiriku mwenyewe, unaoanza: *Mlango nimefungua, mgeni wangu ingia.* Chiriku amesimama kwenye kizingiti. Anavuta pumzi, kifua kinajaa. Midomo inaachana.

“Wiki tano kwako ni karibu, mwanangu. Mimi nazihesabu kivingine.”

Pumzi inashuka polepole, bila sauti. Anaingia, anakaa kitandani, anauchukua mkono wa mama yake na kuuweka kooni pake.

“Leo siimbi, Mama. Hata ukininunia.”

“Basi niahidi. Kwa mdomo, makofi yamenichosha.”

“Siku daktari akisema imba, sitapitia ukumbini wala kwa bendi. Nitakuja moja kwa moja hapa kitandani kwako, nikuimbie wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yoyote nitakayokuwa nimebaki nayo. Nakuahidi, Mama. Wewe kwanza.”