Karatasi za Mikate Mlangoni pa Maktaba

Mimi ni mwanamke wa mdomo. Sokoni wananijua hivyo, na sikatai. Mteja akinidharau kwa macho namjibu kabla hajafungua kinywa, na hata askari waliopita Kisangani miaka ile, wa kila kundi, walijifunza kuniheshimu mimi na upawa wangu. Lakini kuna alasiri moja ambayo mdomo huo uliniponza. Ikinijia hata leo, nikiwa jikoni bila mtu, najifunika uso kwa kitenge na kusema "yo!" kama niliyeungua.

Ilikuwa wakati wa vita. Mume wangu alikuwa amekwama Butembo alikokwenda kutafuta bidhaa. Barabara ilifungwa nyuma yake, na bateau, meli za mtoni kutoka Kinshasa, nazo ziliacha kupanda mto. Nikabaki na binti yetu wa miaka kumi na mmoja na sufuria ya mafuta. Nilikaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo ambayo mji mzima unayala asubuhi na jioni. Meza yangu niliiweka mlangoni pa maktaba ya mtaa, kwa kuwa palikuwa na kivuli na watu.

Watu walikuja kwa sababu ya mzee aliyeitunza maktaba hiyo. Tulimwita papa bibliothécaire. Mshahara alikuwa ameusahau zamani. Siku majeshi mawili ya wageni yalipopigana katikati ya mji wetu, bomu lilitoboa paa, na baadaye kila mwenye mkono aliingia akabeba vitabu. Mzee alifagia vumbi, akapanga vilivyosalia, na likizo kubwa ilipofika akaandika kwa chaki kwenye mlango. Binti yangu alinisomea maneno hayo kwa sauti bila kuombwa: asubuhi watoto wadogo, nyimbo na herufi, mchana vijana, saa kumi watu wazima. Kila mtu karibu, bila malipo.

Mtoto huyo alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti. Vibao vya barabarani, mifuko ya chumvi, maandishi kwenye baiskeli za toleka zinazobeba abiria. Bulletin yake, ile ripoti ya shule, alianza kuisoma tangu uani, kabla hajavua viatu, pointi za kila somo na maneno ya mwalimu, kisha ndipo ananipa. Nilidhani ni majivuno. Mara nyingi nilimwambia apunguze sauti, majirani wasije wakasema tunaringa.

Mimi sikujua kusoma. Nyumbani kwetu Kivu kaka zangu walikwenda shule na mimi nilikwenda shambani, basi, ndivyo ilivyokuwa. Nilipofika Kisangani nikiwa mke wa mfanyabiashara nilijipa cheo cha mtu aliyesoma kidogo, na sikukishusha tena. Nilikuwa na mbinu zangu. Mtu akininyooshea karatasi nilisema moshi wa jiko umeniharibu macho, anisomee yeye. Bulletin niliitazama kwa uso mkali, nikitafuta wino mwekundu, halafu nikairudisha nikisema, "Bon, ongeza bidii." Niliamini hakuna mtu Kisangani aliyejua, sembuse binti yangu.

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yangu. Wateja walipungua, nami nilisogeza kiti hadi kizingitini. Papa bibliothécaire aliwasomea watu wazima riwaya moja ya Kifaransa, kipande kwa kipande; anasoma sentensi, anaigeuza kwa Kiswahili, na penye kichekesho anaitia Kilingala ili kikolee. Ilikuwa habari ya mwanamke muuza samaki ambaye mumewe alipanda bateau asirudi. Fundi seremala wa jirani akaanza kumtengenezea mlango, kisha meza, kisha kitanda. Mnaelewa kitanda kinaelekea wapi. Wasikilizaji tuligawanyika. Akina mama wengi walikuwa upande wa seremala. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mekanisia, fundi wa injini za bateau, alisimama upande wa mume, akidai kwamba mto una mambo yake na mtu anaweza kukwama bila kosa. Mimi nilikuwa upande wa mzee huyo, kwa sauti kubwa, na kila mtu alijua kwa nini. Walinitania, nami niliwajibu.

Kisha kitabu kikakatika. Papa bibliothécaire alifika mahali ambapo mwanamke anasikia hodi usiku wa mvua, akageuza ukurasa, na hapakuwa na ukurasa. Sehemu yote ya mwisho ilikuwa imeng'olewa. Tulimlalamikia kana kwamba alikuwa ameila yeye. Akainua mikono, akasema vita imekula mambo makubwa kuliko haya.

Likizo ilipokaribia mwisho alitangaza sherehe ya kufunga: rika zote pamoja, na kila mzazi atamsomea mwanawe aya moja mbele ya watu. Binti yangu alikuja mbio mezani kunieleza, kisha akasimama, akaangalia chini. Alisema, "Mama, kama uko na kazi mingi, unaweza kubaki ku mikate. Haina shida." Nikakasirika. Nilimwuliza kwani ananionea haya mbele ya marafiki zake? Nikamwambia nitasoma, na nitasoma kuliko wote.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuogopa watu, watu nawaweza. Nilimwogopa mtoto mmoja tu, asije akajua kwamba mama anayemkaripia kwa alama zake hawezi kuzisoma. Siku ya sherehe nilikaanga huku nimeinamia moshi kwa makusudi, ili macho yawe mekundu na kisingizio changu kiwe na ushahidi.

Sasa, karatasi. Bateau zilipoacha kuja, magazeti ya kufungia mikate yalikwisha mjini. Tulinunua sokoni vitabu vya zamani visivyo na majalada, vikiuzwa kwa mafungu kama mchicha, na hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Asubuhi ya sherehe nilifungua fungu jipya, nikafunga na kuuza, nikiwapa vijana wa toleka karatasi za nje zilizochakaa. Saa kumi ilipofika nikamwandalia papa bibliothécaire mikate yake, ambayo nilimpa kila siku kwa heshima. Nikachagua karatasi nzuri kuliko zote. Ilikuwa na muhuri wa mviringo, wa zambarau, uliokolea vizuri. Niliona inamfaa mkubwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watoto kwenye mikeka, wazee kwenye mabenchi. Alipokea mikate, akashukuru, akala mmoja. Kisha akaangalia karatasi. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaacha kutafuna.

"Hii ni kitabu yetu," alisema. "Batu, angalieni. Seremala iko hapa. Ile hodi iko hapa."

Watu walipiga makofi. Mekanisia alisimama kabisa, akaomba karatasi aione. Mimi pia nilipiga makofi, kwa sekunde chache, kabla sijaona macho yote yamegeukia mlangoni, kwenye fungu lililo chini ya beseni langu.

Papa bibliothécaire alikuja hadi mezani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza polepole, "Mama, maneno ya hii muhuri iko ku mulango wetu, juu ya kichwa yako, kila siku. Na jina ya seremala iko hapa mara ngapi! Ulifunga mikate na mwisho ya kitabu, na haukuona?"

Nilikuwa na majibu mawili tu. Kama sikuona, basi sijui kusoma, na binti yangu amekaa mkeka wa mbele ananitazama. Kama niliona, basi mimi ni mtu mbaya, niliyekaa hapo mlangoni nikiwasikiliza wenzangu wakihangaika kutaka mwisho, huku nikiupaka mafuta. Sikufikiri sana. Nilichagua ubaya.

"Niliona," nilisema. "Na kisha? Karatasi ni karatasi. Batu banakula kwanza, kitabu inafuata."

Sauti iliyotoka ukumbini sitaisahau. Mama mmoja tuliyekuwa tukitaniana naye kila jioni alisema nina roho ya jiwe. Mwingine akasema si ajabu, wafanyabiashara wa Kivu wangeuza hata msalaba wa kanisa. Mekanisia, mtu wa upande wangu, alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Nilisimama na upawa wangu, kidevu juu, na ndani nilikuwa najisemea: wacha waseme, afadhali hivi.

Ndipo binti yangu akasimama kwenye mkeka. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea vibao.

"Anadanganya," alisema. "Mama hajue kusoma. Hakuona kitu. Mi najua tangu zamani, njo maana namusomeaka bulletin kabla ya kumupatia. Musimutukane."

Mafuta yalikuwa bado yanachemka kwenye sufuria. Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka ningejua la kufanya. Yule mama aliyeniita roho ya jiwe alianza kukunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua, akaukunja tena. Niliona aibu iliyoanzia miguuni. Haikuwa tena aibu ya kutojua kusoma. Hiyo niliizoea, nilikuwa naitembeza kila siku chini ya nguo. Ilikuwa aibu ya kuelewa kwamba mtoto yule, tangu akiwa mdogo, alikuwa akinisomea dunia nzima barabarani ili nisiaibike, na mimi nikamwambia anaringa. Hata ile ruhusa ya kubaki kwenye mikate ilikuwa mlango alionifungulia nitoke. Nami niliufunga kwa kishindo.

Nilitoa fungu lote chini ya beseni, nikaliweka mikononi mwa papa bibliothécaire. Sikuweza kusema samahani. Alinyunyizia unga juu ya kurasa zenye mafuta ili uyanyonye, akazipanga juu ya meza, na kusoma alisoma. Watu wakakaa. Mwanamke wa kitabuni alishika taa, akakaribia mlango, akauliza ni nani. Mtu wa nje akajibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwenye karatasi nyingine. Papa bibliothécaire alipekua fungu lote, akanitazama.

Karatasi za nje. Nilikuwa nimewapa vijana wa toleka asubuhi, na wao walikwisha kula na kutupa, huko njia ya Tshopo au ya Wagenia, nani ajuaye. Mwisho wa riwaya ile ulikuwa umetumika kupangusa mikono ya waendesha baiskeli.

Hakuna aliyenilaumu tena, ila utani ulinishika. Kwa miaka mingi, nikipita sokoni, mtu hunipigia kelele kutoka nyuma ya ndizi zake: "Mama! Nani alibisha hodi?" Mimi hujibu, "Bwana yake, nani mwingine?" Tunacheka. Mume wangu alirudi kweli, barabara ilipofunguka, amekonda na hana bidhaa hata moja, na hata yeye walimwuliza kama alibisha hodi vizuri.

Asubuhi ya pili baada ya sherehe papa bibliothécaire aliniita. Alisema kundi la asubuhi ataliendeleza hata likizo ikiisha, na kwamba mlangoni pameandikwa kila mtu karibu. Watu wazima wasiojua herufi hawakuwa na saa yao. Saa ya herufi ilikuwa ya watoto wadogo. Nilikaa nao, kwenye benchi ambalo magoti yangu yalifika kidevuni, mama mzima mwenye harufu ya mafuta, nikiimba a, e, i. Mtoto wa jirani yangu wa miaka mitano alinisahihisha. Niliona aibu kila asubuhi, na kila asubuhi nilikwenda. Binti yangu hakuja kuniangalia hata mara moja. Hadi shule ilipofunguliwa alibaki mezani kuuza mikate, na alifungia majani ya migomba.

Shule ilipofunga muhula, alirudi na bulletin. Nilimsikia tangu njiani, miguu yake tu. Alipita uani kimya. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaniwekea karatasi mapajani ikiwa imekunjwa, kisha akachukua ndoo na kwenda kuchota maji.

Nilijua kwamba kisima hakikuwa mbali na kwamba atakaa huko makusudi. Nikapangusa mikono. Nikaanza juu kabisa, kwa kidole, herufi baada ya herufi, nikikosea na kurudi, nikitokwa jasho kuliko mbele ya sufuria. Neno la kwanza lilipokusanyika lilikuwa jina lake. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, nimelipigia kelele uani maisha yake yote, na ile ndiyo mara ya kwanza nililiona.