Foleni Isiyoonekana Wakati wa Futari

Koti la Lotfi, mwandaaji wa ripoti, halipo kitini, lakini kompyuta yake bado inawaka. Emna Jallouli ameliona hilo kabla hajavuta kiti chake.

Adhana ya magharibi inakaribia mjini Sfax. Katika kituo hiki cha kupokea simu za magari ya wagonjwa, shorba, supu ya futari, imeshamiminwa. Emna ana kazi ya kuongeza safu kwenye jedwali la kompyuta linalotunza wito wa dharura, huku jedwali lenyewe likiendelea kutumika. Mwezi wa Ramadhani kazi hiyo hufanywa mzinga wa futari unapolia, maana mji mzima uko mezani na simu hupungua.

"Bonyeza tukafuturu, binti yangu," anasema msimamizi wake, Bwana Mongi. "Brik hizi za kukaanga zikipoa hazitafuniki."

"Lotfi ameondoka, ripoti yake ameiacha wazi."

"Lotfi saa hizi ana tende mkononi. Ripoti inasoma tu, inakudhuru nini?"

"Imelishika jedwali, Bwana Mongi."

Amri ya Emna ya kuongeza safu italazimika kungoja ripoti ile iachie. Na kila wito utakaoingia utapanga foleni nyuma ya amri hiyo. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Mambo yatasimama tu.

Ndivyo ilivyokuwa Ramadhani iliyopita, Emna alipobonyeza amri kama hiyo. Simu ziliita, wapokezi wakaandika, magari hayakutumwa. Mzee Hedi Kammoun, muuza mafuta ya zeituni, alikata roho sebuleni kwake, chakula kikiwa hakijaguswa.

Tangu siku ile Emna haendi kwa pupa. Safu mpya huiingiza tupu, kando ya ile ya zamani. Taarifa huzihamisha kidogo kidogo. Ya zamani huiondoa mwisho kabisa, pakiwa hakuna programu inayoisoma tena. Na kila amri huipa sekunde tatu: isipopata nafasi, ijiondoe yenyewe.

"Umeumwa na nyoka, sasa kila ung'ongo unakutisha," Bwana Mongi anamtania.

"Nyoka hakuniuma mimi. Alimuuma mzee Hedi."

Bwana Mongi anainamia bakuli lake.

Mzinga unalia. Emna anabonyeza. Amri inangoja, inakosa nafasi, inajiondoa. Mara simu inaita: mama mmoja ameanguka katika kitongoji cha Sakiet Ezzit. Wito unapita, gari linatoka. Safu itasubiri kesho.

Emna anafungua kwa tende moja, anaitafuna polepole. Baada ya Idi, anasema, ataenda kwa Zohra, mjane wa mzee Hedi. Kila Ijumaa mama huyo huwaletea madereva sahani ya makrudhi, vijikeki vya tende, kuwashukuru. Aliambiwa siku ile walikuwa mbali, wakakimbia kadiri walivyoweza.

"Nitamwambia," anasema Emna, kwa sauti ambayo Bwana Mongi naye anaisikia. Maneno haya hajawahi kuyatamka mbele ya mtu. "Gari halikuwa mbali. Lilikuwa limeegeshwa hapa chini, dereva yumo ndani, anangoja kuitwa."