Seva ya Ghorofa ya Tatu
Wenzangu walipohamia kampuni za simu za mkononi, nilibaki fundi peke yangu kwenye kampuni ndogo ya intaneti, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Ilikuwa miaka ile kila mwenye duka la vitenge alitaka kuligeuza kafe ya intaneti, na kafe zote tulizoziuzia huduma zilipitia seva yetu moja. Kutwa nzima nilisikiliza feni zake. Jioni nilirudi Magomeni kwenye chumba cha kupanga, nikapika, nikala, nikalala.

Aliyekuja kwangu ofisini ni tajiri wangu tu, mzee wa Kihindi, mzaliwa wa mtaa wa jirani. Mkewe alikuwa amekwenda Kanada kumuuguza binti yao, akakawia huko. Kila alasiri mzee aliongea naye kupitia kompyuta yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo intaneti inakata?"

"Kidogo."

Ilikuwa inakata sana. Nikaichunguza seva. Prosesa yake ilikuwa na viini vinne vya kufanyia kazi, lakini data yote iliyoingia, ambayo husafiri katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, ilipokelewa na kiini kimoja tu. Hicho kimelemewa, vingine vimekaa bure. Nikaamuru pakiti zigawanywe kwa zamu, moja huku, moja kule. Mambo yakaharibika zaidi: pakiti za mazungumzo yale yale zilipitana njiani, maneno ya mama, mkewe mzee, yakavurugika.

Nikahangaika siku nyingi, sina wa kumuuliza. Mwishowe nikaelewa kwamba pakiti za mazungumzo yale yale hazitakiwi kutenganishwa. Anwani ya anayetuma na ya anayepokea ndizo ziamue kiini cha kuzipokea, na pakiti zote za watu hao wawili ziende hapo hapo. Nikabadilisha mipangilio. Viini vyote vinne vikaanza kazi. Nikacheka kwa sauti mle ndani, kisha nikajisikia mjinga, maana hapakuwa na wa kumwambia.

Alasiri mzee akaja. Walizungumza Kigujarati, lugha nisiyoijua, lakini sauti ya mama ilitoka kwenye spika safi kabisa, hata pumzi zake nilizisikia. Halafu pakawa kimya. Nikakimbilia skrini: hakuna pakiti iliyopotea. Ni yeye aliyenyamaza.

Walipoagana, mzee alivua miwani.

"Nikimuuliza anarudi lini, kila siku ananyamaza. Nilidhani ni mtandao."

"Na leo?"

"Leo mtandao mzima. Harudi, mwanangu. Anataka mimi ndiye niende."

Nikachemsha chai, tukanywa pamoja kwa mara ya kwanza tangu aniajiri.

Miezi michache baadaye aliuza kampuni, akaondoka. Walioinunua walinibakiza kazini, pale pale kwenye seva. Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Gerezani. Walinipigia simu kukiwa na tatizo tu, na matatizo hayakuwa mengi.