Sauti Yake na Kompyuta Mpya

Sikiliza msomaji wangu, taratibu utaelewa. Nilikuwa katika eda, hapa Kilindoni, watoto waliponitumia kompyuta mpya. Nilipochomeka simu, kompyuta ikauliza kama ifute vilivyomo kwenye simu ianze upya. Humo simuni, kwenye programu ya kurekodi, ilibaki sauti ya marehemu mume wangu akinitania kuwa samaki wangu hana chumvi.

“Kubali tu shoga, haing'ati hiyo!” jirani yangu aliyekuja kunijulia hali akacheka.

Nikachomoa waya. Fundi wa kiume nisingemwita ndani nikiwa edani, na jirani alipoondoka nikabaki na ukimya wa nyumba. Nikahifadhi nakala ya simu kwenye kompyuta yangu ya zamani, nikaihamishia kwenye mpya, kisha nikaunganisha simu, nikakubali, nikairudishia nakala ile. Sauti yake ilikuwapo.

Nawe, hifadhi nakala kwanza, ndipo uunganishe.