Siku Tulimusugua Maria wa Shaba

Sisi tuliokomalia mu baridi ya Lubero, tulijua kazi mbele ya kujua kusoma. Mutoto mwanamuke akiacha sufuria na masizi, mama yake anamuita na sauti ya kufika ngambo ya mto. Majivu, muchanga kidogo, ndimu: unasugua mupaka unaona meno yako ndani. Mabinti ba leo banaona meno yabo paka mu telefone tu.

Donc, mompere mumoja, padri muzungu wa parokia yetu, alirudi toka kwabo Ujerumani na sanduku kubwa. Ndani, Maria wa shaba, mweusi tii, anabeba Yesu mwenye uso wa muzee aliyekosa tumbako. Mompere alitueleza: hii ni kopi. Ile ya kweli ni ya muti, ilichongwa zamani sana, iko mu kanisa ya kwabo. Bameifanya tena na shaba ipate kusafiri. Sisi batoto tulisikia paka neno moja tu: shaba. Na shaba nyeusi ni shaba chafu, hata mwendawazimu anajua.

Siku moja mbele ya komunyo yetu ya kwanza, masela, mutawa wa parokia, alinituma na rafiki yangu Kavira kufagia kanisa. Tulifagia. Kisha Kavira akaangalia Maria, akatikisa kichwa: "Masika, kama huyu alikuwa sufuria ya mama yako, leo ungelala njaa."

Tukaleta majivu na ndimu. Tulianza na pua. Ilipong'aa, tukaona haya kumuacha Mama wa Mungu na pua ya mulevi. Tukamusugua mupaka miguu, na Yesu pia, matako na yote.

Mompere aliingia, akashika kichwa.

"Nani amefanya hii?"

Tukanyoosha mikono haraka, tukifikiri atatupa bombo za sukari. Kumbe ule weusi mafundi ba kwabo baliuweka makusudi, njo uzuri wenyewe! Alikasirika mupaka masikio yakawa nyekundu. Akafuta majina yetu pa liste ya komunyo.

Robe yangu nyeupe ya kuvaa komunyo ilikuwa tayari pa musumari. Bashangazi balikuwa njiani toka Butembo. Nililia mupaka mama akachoka kunisikia. Akafunga kikwembe, akapanda kilima mu mvua, mimi nyuma. Tulikuta mompere anakula viazi. Mama alikataa kiti.

"Mompere, ile Maria ya kweli iko wapi?"

"Kwetu, mama."

"Huyu Masika ameigusa?"

"Hapana, mama, mais, lakini…"

"Basi ile haina shida. Huyu ni wetu, na kwetu mutu anaoga mbele ya kuenda misa."

Mompere, kiazi mu kinywa, akaanza kucheka, akakohoa, akatafuta kalamu.

Siku hizi mutoto akikatwa pa liste ya masomo, mama yake anatuma mesaje mu grupe ya bazazi, na vile visura vya kulia. Banalia na kidole! Juzi ilifikia mujukuu wangu, nilimuambia binti yangu: simama, enda kwa directeur wa masomo, muongee uso kwa uso. Ananijibu: "Mama, ngoja, ameisha kusoma mesaje." Tunangoja mupaka leo. Mama yangu hakujua kuandika hata jina yake. Mais jina yangu ilirudi pa liste.